Papai Lisiloandikwa Bukuni

“Papai halikumkamata mtu!” Sheikhan alijipiga paja. “Miye ndiye niliyemkamata, kwa mkono huu. Papai lina mikono?”

“Mkono wako ulimshika baada ya papai kumtaja,” alijibu Mwarandu. “Kabla ya hapo ulikuwa ukishika kuku wa watu.”

“Tunza ulimi wako, Sajini.”

“Nawe tunza ukweli wako, Koplo.”

“Inueni miguu,” alisema Bi Nyamvula. “Nimefika hapo.”

Wakainua. Sajini mstaafu wa tepe tatu na koplo mstaafu wa tepe mbili waliinua miguu juu ya baraza kama watoto wanaofagiliwa, naye Bi Nyamvula akapitisha brashi yake ya makumbi ukutani, nyuma ya visigino vyao. Alikuwa akipaka nyumba yake chokaa. Kando yake palikuwa na ndoo mbili: moja ya chokaa iliyopoa, ya kupakia, na nyingine ya chokaa mbichi iliyotoka tanuuni asubuhi ile ile. Hiyo ya pili alikuwa ameimwagia maji sasa hivi, nayo ilikuwa ikitokota yenyewe bila ya moto, ikitoa mvuke.

Wanaume wale walimjia kila siku baada ya adhuhuri, hapo kwake Mjambere. Walinunua tambuu mbili na kuleta kesi thelathini. Tangu mwaka wa arubaini na tano, alipofiwa na mumewe akahama Changamwe, Bi Nyamvula alikuwa amezisikia kesi zote hata akajua mahali pa kucheka kabla hawajafika. Aliijua ya mwizi aliyeiba suruali ya Bwana Shauri, Mzungu wa wilaya, kambani, Bwana Shauri akahukumu siku nzima akiwa amekaa nyuma ya meza, haondoki hata kwa chakula. Aliijua ya maiti wa Mtongwe. Hiyo Mwarandu hakupenda isimuliwe, kwa sababu yeye ndiye aliyewekwa kumlinda yule maiti ufukweni, baharia wa Kizungu, kutoka asubuhi mpaka alasiri, akiwafukuza nzi na watazamaji, mpaka maiti akafumbua macho akaomba maji.

Yeye mwenyewe alikuwa na kesi zake. Kabla ya kuuza tambuu alikuwa askari jela, miaka kumi na mmoja akishika funguo za wanawake Ngomeni. Lakini kila akifungua kinywa kusimulia, Mwarandu humwambia, “Wewe, Bi Nyamvula, ulikuwa ukipokea waliokwisha kukamatwa. Kupokea si kazi.” Naye humjibu kwamba kumkamata mtu ni kazi ya dakika moja, hata mbwa huiweza, lakini kukaa naye miaka mitano na kujua kwamba siye mkosaji, hiyo ndiyo kazi.

Siku ile, hata hivyo, alikuwa amesikia neno jipya.

“Papai gani?” aliuliza.

Mwarandu akakohoa. Sheikhan akatabasamu kwa uchungu. Tangu alipofika alikuwa na kisirani, na sababu ilijulikana. Hedimani Boga, mkubwa wa mtaa, alikuwa ameibiwa baiskeli, naye alikuwa amemwalika Mwarandu aje kumtafutia mwizi. Sheikhan hakualikwa.

“Mwambie, Sajini,” alisema Sheikhan. “Miaka mitano tumesema ‘uchunguzi, uchunguzi’. Leo unakwenda kulifanya jambo lenyewe hadharani na koti la polisi mwilini, basi mwambie na Bibi.”

“Ni siri ya kazi.”

“Kazi umeiacha. Ama niseme miye?”

Akasema yeye. Na kwa kuwa alikuwa na hasira, alisema yote.

Kesi yenyewe Bi Nyamvula aliijua, nani asiyeijua? Mwaka wa arubaini na mbili, vita vimepamba moto, nguo za kugawa, mtu akipata mkono mmoja wa kitambaa anashukuru, majora arubaini ya amerikani yaliibwa ghalani Changamwe. Ghala lilikuwa likilindwa na askari wanne wa polisi. Mmoja wao, Ngowa, akafungwa miaka mitano na kazi ngumu. Majora hayakuonekana kamwe. Lakini Mwarandu akavishwa tepe ya tatu, na Inspekta wao, Mzungu mwenye masharubu kama mkia wa kindi, akapandishwa cheo akaondoka.

“Huyo Inspekta alitupa siku tatu,” alisema Sheikhan. “Siku ya tatu, hatuna kitu. Hata uzi. Ndipo Sajini huyu, wakati huo koplo mwenzangu, akasema, ‘Kwetu Rabai mjomba wangu hula kiraho.’”

“Hulisha kiraho,” alisahihisha Mwarandu. “Hali mwenyewe.”

“Haya, hulisha. Akatwaa papai bichi, akalikata vipande, akalisemea maneno. Kila askari kipande chake. Asiye na hatia humeza, mwenye hatia hufura mdomo. Wallahi, Bibi, mchana kweupe, nyuma ya stoo ya bunduki, polisi wa Serikali wamepanga foleni wanakula papai!”

“Na likafanya kazi au halikufanya?” aliuliza Mwarandu. “Watatu walimeza wakaenda zao. Ngowa? Hakumaliza hata kutafuna. Midomo ikafura hivi. Ulimi ukamjaa kinywani.”

“Hata Inspekta alipomwuliza, ‘Ni wewe?’, hakuweza kusema ‘Si mimi’,” aliongeza Sheikhan. “Alikuwa akisema ‘mmm, mmm’.”

“Mkaandika nini bukuni?” aliuliza Bi Nyamvula.

Walitazamana.

“‘Baada ya uchunguzi wa kina,’” alisema Mwarandu kwa sauti ya kusoma, “‘mshukiwa alipoulizwa alishindwa kujitetea.’”

“Na kortini?”

“Kortini palitakiwa ushahidi,” alisema Sheikhan. “Nikaenda nikafungua kasha la mamake. Nikakuta kipande cha amerikani.”

“Kasha gani Pwani nzima halina kipande cha amerikani? Mimi hapa nina sanda yangu.”

“Kilikuwa cha sanda, ndiyo,” alikiri Sheikhan, akatazama vidole vya miguu yake.

Bi Nyamvula aliiweka brashi chini. Askari wa papai! Alikuwa karibu kucheka, kwa kweli kicheko kilikwisha kufika kooni, lakini ile midomo iliyofura ilikikwamisha.

“Ilikuwa siku gani?”

“Siku ya king’ora,” alisema Mwarandu. “Kile king’ora cha uongo. Kilipiga asubuhi, watu wote mahandakini, kumbe ni mtu alikuwa akikipangusa vumbi. Tuliporudi ndipo tukalisha papai.”

Bi Nyamvula akakaa juu ya ukingo wa baraza, na kitako chake kikashika chokaa isiyokauka iliyodondoka kutoka ukutani. Hakujali.

Siku ya king’ora aliikumbuka vizuri kuliko siku ya harusi yake. Wakati huo aliuza tambuu mlangoni pa laini ya polisi Changamwe. Kilipolia, alikimbia na sinia kichwani, akajikwaa mdomoni mwa handaki, na mkebe wake wa chokaa ukamwagika wote. Chokaa ya tambuu haiwi tayari kwa siku moja. Hulowekwa, ikakaa, ikapoa, ikawa laini kama siagi, ndipo ikapakwa jani. Lakini wateja walikuwa wakimngoja. Akaazima chokaa kwa mafundi waliokuwa wakijenga karibu, akaitia maji, akaikoroga, akaipaka. Aliuza labda tambuu kumi kabla ya dereva mmoja wa garimoshi kurudi akitema damu na kumrushia tambuu yake usoni. Akaimwaga chokaa yote, akaenda zake nyumbani, akanyamaza. Nani hutangaza biashara yake kwa ubaya?

“Ngowa alikula tambuu siku hiyo?” aliuliza polepole.

“Alikula,” alisema Sheikhan. “Maskini alikuwa akitetemeka. Nikamnunulia mbili kwako, yake na yangu. Lakini miye nikakumbuka nina saumu yangu ya Alhamisi, nikampa na yangu. Akazitafuna zote mbili pamoja, huku akipiga…”

Akaacha. Alikuwa mtu wa maneno mengi lakini hakuwa mjinga. Alitazama ndoo iliyokuwa ikitokota. Mwarandu naye akaitazama.

“Wale watatu,” alisema Bi Nyamvula, “walikula tambuu?”

“Wawili watu wa bara, hawaijui,” alisema Sheikhan. “Wa tatu hana meno.”

Kuku alipita barazani, akaacha alama yake, akaenda zake.

“Kesi imefungwa,” alisema Mwarandu hatimaye.

“Kesi imefungwa, na mtu amefungwa,” alisema Bi Nyamvula. “Miaka mitano! Kwa tambuu!”

“Kwa tambuu yako.”

“Na kwa papai lako. Na leo unakwenda kumlisha tena.”

Maana mshukiwa wa baiskeli ya Hedimani alikuwa Ngowa huyo huyo. Alikuwa ametoka Ngomeni mwezi uliopita, na mtu akitoka jela kila kinachopotea mtaani amekiiba yeye, hata kilichopotea kabla hajatoka. Hakuna aliyesema lile ambalo mtaa mzima ulilijua, kwamba Hedimani huenda mangweni kwa baiskeli kunywa tembo na kurudi kwa miguu, na siku nyingine kwa miguu na mikono. Lakini Hedimani ni Hedimani. Alikwisha kusema kwamba papai likimkataa Ngowa, atamfungasha kwa polisi kesho, na kwa mtu aliyewahi kufungwa kwa wizi hakimu haulizi mara mbili.

“Basi, Bibi, ni jambo jepesi,” alisema Sheikhan, akashusha sauti. “Usimuuzie tambuu leo. Ale papai kwa mdomo mkavu, ameze, atoke safi. Nani atajua?”

“Sasa hapo umesema, yakhe,” alisema Mwarandu upesi. Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo kukubaliana.

Bi Nyamvula akafikiri. Lilikuwa jambo jepesi kweli, na yeye alipenda mambo mepesi. Alikuwa amelea watoto sita kwa mambo mepesi. Lakini alilipindua upande wa pili, kama anavyopindua jani la tambuu kutazama wadudu, na wadudu wakawapo.

“Leo akimeza, watu watasema nini? Watasema papai ni la kweli. Na kama ni la kweli leo, lilikuwa la kweli mwaka ule. Mtamvua baiskeli mumwachie majora arubaini mpaka kaburini.”

“Kuvuliwa kimoja si haba,” alisema Mwarandu. Kisha akainuka, akalivuta koti lake la polisi lililokuwa limemkaza tumboni, akamwelekezea kidole. “Sikiliza, Bi Nyamvula. Tepe hii nilivishwa kwa kesi hiyo. Watu huniamkia kwa kesi hiyo. Ukienda kusema, nami nitasema chokaa ilikuwa ya nani. Uone Mjambere hii ni nani atakayetia tambuu yako kinywani.”

Hilo lilimwingia. Tambuu ndiyo iliyokuwa ikimlisha. Hakuwa na kingine.

“Hodi hapa,” sauti ilisema.

Alikuwa Ngowa. Alikuwa amenyoa, amevaa kanzu ya kuazima iliyomfika katikati ya miguu, na alikuwa akitabasamu kama bwana harusi.

“Shikamoo, Bi Nyamvula. Shikamooni, wazee wangu.”

“Marahaba,” walijibu, wanaume wakiyatazama makuti ya paa.

“Bibi, nifungie tambuu moja ya kutuliza moyo. Chokaa usiibanie.”

Sheikhan alipaliwa na mate yake.

“Unakwenda kwa Hedimani kwa hiari yako?” aliuliza Bi Nyamvula.

“Nakimbilia! Mara ile sijui nini kilinipata. Mpaka leo najiuliza, labda niliiba nikiwa nimelala. Leo mama yangu atashuhudia. Nimemwambia avae leso mpya.” Tabasamu lilipungua kidogo. “Unajua wiki iliyopita, mazishini kwa kina Tsofa, wanawake walimkalisha peke yake? Hakupewa hata kisu cha kukatia vitunguu. Mama yangu, Mama Kafedha, na mkono wake ule wa kupika! Wamesema atawaibia vijiko. Bibi, nifungue midomo nimeze papai hilo, basi mama apewe kisu.”

Bi Nyamvula aliingia ndani, akatoka na kata ya maji.

“Tambuu hupati. Sukutua.”

“Nisukutue? Bibi, nimekuja…”

“Sukutua, nimesema!” Ilikuwa sauti ya Ngomeni, nayo Ngowa aliitambua sauti ya aina ile. Akasukutua. “Tema. Tena. Tangulia kwa Hedimani.”

Alipoondoka, Mwarandu alishusha pumzi. “Umefanya la busara.”

Bi Nyamvula akaokota kifuu cha nazi, akateka chokaa iliyokuwa ikitokota, kidogo tu, chini ya kifuu. Akachukua jani moja la tambuu. Akalitia kichwani kati ya leso na nywele kama mtu anayekwenda safari.

“Hicho kifuu cha nini?” aliuliza Sheikhan.

“Ukuta wa Hedimani umepasuka. Twendeni.”

Uani kwa Hedimani Boga palikuwa na watu kama arubaini na mbuzi mmoja aliyefungwa kamba. Mama Kafedha alikuwa amesimama pembeni na leso yake mpya, na kati yake na wanawake wengine palikuwa na nafasi ya kulaza ng’ombe. Hedimani alikuwa amekaa kitini, buku lake la mtaa magotini. Mwarandu alilikata papai bichi vipande vitano, akavipanga sahanini, akaanza kusema maneno ya mjomba wake wa Rabai. Bi Nyamvula aliona kwamba mahali pengine maneno aliyaruka.

“Aliyeichukua baiskeli,” alimaliza, “papai hili limfure. Asiyeichukua, limshukie salama. Ngowa, njoo.”

Ngowa akaja. Akanyosha mkono.

Mkono mwingine ukafika kwanza.

“Niwie radhi, mwanangu,” alisema Bi Nyamvula, na sahani ilikwisha kuwa kifuani mwake. “Hedimani, mimi nina neno, na nitalisema upesi kwa sababu baada ya hapa sitaweza kusema. Papai hili limewahi kuliwa. Mwaka wa arubaini na mbili, Changamwe, wakalishwa polisi, na Ngowa akafura, na kwa kufura huko akafungwa. Bukuni hawakuliandika.”

Watu wakaguna. Hedimani akamtazama Sajini, Sajini akamtazama mbuzi.

“Kabla ya kulila,” aliendelea, “alikula tambuu mbili. Zangu. Chokaa yangu ilikuwa mbichi, niliichanganya asubuhi hiyo hiyo, kwa haraka na kwa tamaa. Niliunguza watu nikanyamaza. Huyu mmoja wao sikumjua mpaka leo saa nane. Atakayeniacha kununua kwangu, aniache. Sasa tazameni. Mimi baiskeli sijui hata kuipanda.”

Akalitoa jani kichwani, akachovya kidole kifuuni, akapaka, akatia kinywani, akatafuna mara tatu. Machozi yakamtoka kabla ya mara ya tatu. Akachukua kipande cha papai, akakitafuna juu yake, akameza kwa nguvu, na akabaki amesimama wima, mikono kiunoni, akiwatazama wote mmoja mmoja.

Haikuchukua muda. Mdomo wa chini ulianza, ukafuatwa na wa juu, na ulimi ukaja kuchungulia. Mwanamke mmoja akapiga ukelele. Sheikhan akasema, “La ilaha illallah,” na kisha, kwa kuwa alikuwa Sheikhan, akacheka mpaka akashika kiti cha Hedimani.

Bi Nyamvula akamnyoshea Mwarandu mikono yake miwili iliyokuwa nyeupe kwa chokaa, vifundo pamoja, kama anayengoja pingu.

“Mmm,” alisema. “Mmm, mmm.”

“Ndivyo!” alipiga kelele Ngowa. “Ndivyo nilivyokuwa! Nilikuwa nikisema hivyo hivyo!” Akachukua kipande chake sahanini, akatafuna kwa kelele, akameza, akafungua kinywa kumwonyesha mama yake, kisha umati, kisha mbuzi. “Lataka chumvi tu!”

“Sasa papai lasemaje?” aliuliza Hedimani, aliyekuwa amechanganyikiwa. “Baiskeli yangu kachukua huyu Bibi?”

“Miye nilizinunua hizo tambuu mbili,” alisema Sheikhan, kicheko kimemwisha. “Na kitambaa nilichokipeleka kortini kilikuwa sanda ya huyo mama. Nilijua ni sanda.”

Wote wakamgeukia Mwarandu. Bi Nyamvula hakuishusha mikono. Kinywa kilikuwa kikimwaka moto, lakini macho yake yalikuwa sawasawa, na aliyaona mapigano yote usoni mwa yule mzee: tepe upande huu, mikono ile miwili upande ule. Alikuwa amewaona wengi Ngomeni wakiwa katika hali hiyo. Wengi wao hunyamaza.

Mwarandu aliichukua sahani mikononi mwa mwanamke mmoja aliyekuwa ameipokea. Akaenda nayo kwa mbuzi, akamwaga vipande vitatu vilivyobaki. Mbuzi akala, akalamba pua, hakufura. Mwarandu akarudi.

“Hedimani,” alisema, “fungua buku. Sheikhan, wewe una mwandiko mzuri, kaa uandike barua ya kwenda kwa Bwana Shauri.”

“Niandike ‘baada ya uchunguzi’?”

“Andika papai.” Alisema kwa sauti ya gwaride, uani kote wakasikia. “Andika papai, na chokaa, na sanda, na jina langu mwanzo.”

Sheikhan akaandika, ulimi umetoka upande. Ilipokwisha, Mwarandu akatia saini yake, akavuta uzi wa tepe ya tatu kwa meno mpaka ikabanduka begani, akaiweka katikati ya karatasi. Sheikhan akatia yake chini. Bi Nyamvula akawasukuma wote wawili, akashika kalamu kwa vidole vyeupe, akaandika jina lake lote, na alama ya kidole cha chokaa ikabaki pembeni.

Kisha Mama Kafedha akavuka ile nafasi ya kulaza ng’ombe, akiwa na kopo la maji, akamshika Bi Nyamvula kidevu, akamwambia asukutue.